Nilivyoshika Bati la Amplifaya ya Baba

Sisi tuliokulia Jinja wakati wa vita tunajua kitu ambacho nyinyi wenye spika za mfukoni hamkijui: muziki ulikuwa na harufu. Ulinukia vumbi linaloungua, risasi ya kulehemu na jasho la Baba. Umeme tulikuwa nao, bwawa la kuuzalisha si liko pale pale. Sukari na sabuni ndizo zilizotukimbia. Baba aliokota redio zilizovunjwa na waporaji, akazinyofoa matumbo, akajenga amplifaya yake juu ya bati alilokata kwenye debe. Valvu zilisimama juu yake, vichupa vya kioo vyenye moto mwekundu ndani. Sisi tuliruka kamba uani, gramafoni ikiimba dirishani. Mama alikuwa akisema, "Mume wangu ana wake wawili, na yule wa pili anakula umeme."

Siku moja amplifaya ikaanza kuvuma. Mmmmm, kama nyuki waliofungiwa mtungini, wimbo wenyewe umezama chini huko. Askari aliyekuwa akipita akaingia bila hodi.

"Wewe mzee, hii kitu nalia nini?"

"Gramafoni, afande. Inaumwa kidogo."

"Gramafoni naimba. Hii naita watu. Hii ni redio ya waasi."

Akampa Baba mpaka kesho yake saa kumi jioni. Ikiimba, ni gramafoni. Ikivuma, Baba atapanda gari lao. Mtaani kwetu hatukuwa tumemwona hata mmoja aliyepanda gari lile akarudi.

Kesho yake asubuhi Baba akaanza kuitibu. Alichomoa valvu ya kwanza, ile inayopokea sauti kutoka kwenye gramafoni, akawasha. Kimya. "Basi tumbo ni zima," akasema. "Ugonjwa unaingilia mdomoni." Akaweka valvu nyingine nzima. Inavuma. Akabadilisha waya wa gramafoni, akaupitisha mbali na ule wa umeme. Inavuma. Kwa kuchoka akaegemeza kiganja kwenye bati, na mvumo ukashuka. Akaondoa mkono, ukapanda. Akarudisha, ukashuka. Akanigeukia mimi, mtoto wa miaka tisa. "Zaina, kaangalie bomba la ardhi."

Hilo lilikuwa kipande cha bomba la shaba alichokipigilia nyuma ya bafu, pasipokauka. Waya ulitoka kwenye bati ukaenda kufungwa pale, ili mvumo umwagikie ardhini. Nilikuta waya umefungwa vizuri sana, kwa adabu kabisa, kwenye kijiti kikavu. Bomba hakuna.

Mwizi namtaja, maana amezeeka bila kutajwa: Sadiki, baba yetu mdogo. Alikuwa amelikunja bomba akatengenezea mtambo wa kupikia waragi, gongo ya kwetu. Muislamu, mwenye kofia! Baba alipomwendea, hata haya hakuona.

"Kaka, lako lilikuwa limelala tu kwenye matope. Kwangu linafanya kazi."

"Sadiki, watanichukua leo."

"Na mimi nikiling'oa, afande atakunywa nini? Watanichukua mimi."

Saa kumi afande akaja, pumzi yake ikinukia bomba letu. Mama alikuwa amemwaga maji sakafuni. Mimi nilisimama peku juu ya maji hayo, kiganja kwenye bati. Ardhi ilikuwa mimi.

"Huyu mtoto nashika nini?"

"Anaipenda tu, afande."

Baba akaweka sahani ya santuri. Ikaimba safi. Umeme ukanipanda kama siafu mpaka kwenye kiwiko, nikauma meno. Wimbo ukaisha. "Weka tena," akasema afande, akaanza kucheza na buti zake. Ukaisha tena. "Weka tena!" Mara ya tatu mkono haukuwa wangu, lakini nikakazana.

"Gramafoni kweli," afande akasema mwishowe. Baba akashusha pumzi. "Mzuri sana. Nachukua."

Akabeba gramafoni, amplifaya na sahani zote, akatuachia meza.

Mama akakaa chini akicheka na kulia. Baba hakucheka. Alikuwa ameshafika kambini kwa mawazo: wataiwasha, itavuma, na kiganja changu hakipo pale. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshapita Bugembe, godoro moja na sufuria mbili, tunaelekea Mbale. Sadiki hatukumuaga.

Afande nimemsamehe, kuiba ndiyo kazi waliyomtuma. Sadiki bado. Leo amehiji, ana ndevu nyeupe, na anasimulia harusini kwamba waragi wake ndio uliomlainisha askari.

Baba aliishi miaka mingi hapa Nabuyonga, mtaa wa Mbale, na hakugusa tena pasi ya kulehemu. Wanangu wanabonyeza kidole, muziki unatoka, hakuna mvumo, hakuna harufu, hakuna hata anayesimama kucheza. Nikiwaambia kwamba siku moja nilimshikilia babu yao duniani kwa kiganja hiki, wananitazama kwa huruma na kuniuliza nilikuwa na chaji asilimia ngapi.