Tiketi Iliyonipa Jina la Mume Wangu

Garissa haina treni, haijawahi kuwa nayo. Lakini siku wafanyakazi wa treni walipogoma, nyumba yetu ilikaa kama imefiwa.

Binti yangu wa mwisho alikuwa amejifungua mtoto wa kiume Mombasa. Kwetu siku ya saba mtoto huchinjiwa mbuzi na kupewa jina, na binti yangu aliniomba jina nitoe mimi. Nilishalichagua, la marehemu babake, mume wangu. Wakwe zake nao walikuwa na lao. Sala ya adhuhuri ikiisha, mtoto angeitwa na waliopo, na asiyefika hana neno.

Mpango wa mwanangu mkubwa ulikuwa basi hadi Nairobi, halafu treni, kwa ajili ya mgongo wangu. Mgomo ulipoingia, jirani akasema tushike gari moja kwa moja kupitia Hola na Garsen. Mwanangu akasema barabara ile na mgongo huu havipatani; twende kwa ndege, saa nne asubuhi niko kwa binti yangu nakunywa chai. Mimi nikasema gari, kwa sababu gari likiharibika unashuka. Akacheka, akaenda kukata tiketi.

Mwenye kuuza tiketi alikuwa ametoka Kenya, maana sisi wa ng'ambo ya mto nchi yote iliyobaki tunaiita hivyo. Kwao mwanamke akiolewa huchukua jina la mume. Kwetu hapana. Nilizaliwa na jina la baba na la babu, na nitazikwa nayo. Mume wangu nilikaa naye miaka arobaini na hata siku moja hakuniambia nibebe la kwake. Huyu wa tiketi akamwuliza mwanangu babake anaitwa nani, akaambiwa, akalibandika mwisho wa jina langu. Mwanangu hakusoma. Kazi yake ofisini ni kukagua makaratasi ya watu.

Siku ya saba asubuhi, Nairobi uwanja wa ndege, msichana wa kaunta akatazama kitambulisho, akatazama tiketi, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Shosho, hapa naona watu wawili."

"Niko peke yangu."

"Sasa huyu wa tiketi ni nani?"

"Ni mke wa mume wangu."

Akaniuliza kama nina njia ya kuthibitisha jina. Nikamwambia ninayo. Nikaanza na langu, la baba, la babu, nikapanda. Kwetu mtoto mdogo anajua mababu kumi. Mimi nilifika kumi na tisa. Alinisikiliza vizuri, na foleni nyuma yangu ikasikiliza. Kisha akasema mashine yake inapokea majina matatu, tena lile la tiketi halimo hata katika hayo kumi na tisa. Hilo lilikuwa kweli. Ilibidi tukate tiketi nyingine, na ndege zote zilikuwa zimejaa abiria wa treni.

Tukachukua gari. Wote waliokosa treni na ndege walikuwa barabarani, pamoja na malori yote ya nchi. Tulikuwa Mtito Andei, nusu ya njia, simu ya mwanangu ilipoadhini adhuhuri. Akahangaika kuizima, nami sikumsaidia.

Tulifika baada ya alasiri. Sahani zilikuwa zinaoshwa. Mtoto alikuwa na jina, la babu wa upande wa pili, mtu mzuri, mzima, ameketi palepale. Binti yangu alinipa mtoto bila kuniangalia usoni. Mama mkwe wake akaniambia, "Tulikungoja mpaka wali ukashikana."

Nikamwambia wamefanya vizuri. Halafu nikamwinamia mtoto nikamwita kwa jina la mume wangu, kwa sauti ya kawaida, wote wakisikia.

Yule babu akakohoa. "Ayeeyo amwite atakavyo," akasema, maana ndivyo tunavyomwita bibi. "Lakini kwenye cheti litaandikwa la mchana."

"Cheti ni chenu," nikasema.

Sasa ana miaka miwili. Kwao anaitwa la cheti, akija kwa ayeeyo wake Garissa anaitwa nililompa mimi, na anaitika yote, hasa chakula kikiwa tayari. Juzi nilikuwa kwenye simu na binti yangu, mtoto akamwaga maji, nikasikia mama yake anamgombeza kwa jina la mume wangu. Nikamwacha agombeze mpaka amalize.