Pikipiki ya Majaribio Iliyopokewa kwa Kilio Kinyangiri

Wakuu, mimi nimewahi kupokewa kwa kilio cha msiba nikiwa sijabeba msiba wowote.

Ni mwaka huu huu. Calist, mwenye duka la pikipiki hapa Singida mjini, alileta kipikipiki kipya cha safari, kimeinuka, tairi za meno makubwa, maboksi mawili ubavuni. Akaniambia, "Shukuru, wewe ndiye dereva. Kapige nacho ruti ndefu, vumbi na mawe, urudi uniambie kama kinafaa."

Nani akatae mteremko?

Nikapita Iguguno, nikaacha lami, nikaingia vumbi la Kinyangiri. Chombo kinameza makorongo, kiti hakiumizi. Nikaona nipite kwa shangazi Sikudhani nikamringishie. Simu sikupiga.

Sasa kwetu, kifo hakisemwi kwa simu. Anatumwa mtu, tena wa karibu, aje aseme kwa mdomo. Na mume wa shangazi, mzee Andrea, alikuwa amelazwa hospitali ya Kiomboi.

Nimeingia uani na kofia ngumu kichwani, sijazima hata injini, shangazi akaangusha ungo wa uwele na kuanza kulia. Majirani wakaitikia.

"Shangazi, shikamoo. Sijatumwa na mtu. Najaribu pikipiki tu."

Shangazi akanichapa kofi la mgongo, anacheka na machozi yanamtoka. "Mjinga wewe. Ungeniua mimi kabla ya mzee."

Akachinja jogoo. Akapakia nyama na ugali kwenye hotipoti. "Mpelekee ingali ya moto. Mwambie yule jogoo wake mkorofi kamfuata."

Nikaifunga kwenye boksi, nikakata njia za ndani mpaka Kiomboi. Nilikuwa na raha, naimba peke yangu ndani ya kofia.

Laurian, mtoto wa mzee, nilimkuta amekaa nje ya wodi. Mkononi ana viatu vya baba yake.

Nikavua kofia.

"Ametutoka sasa hivi," akasema. "Mama hajui, na kwa simu siwezi. Wewe una usafiri, kaka, na ni wa damu. Nenda."

Njia nzima niliombea kile chombo kiharibike. Kipasuke tairi, kizime, chochote. Hakikukohoa hata mara moja.

Nilipoingia uani safari hii, hakuna aliyelia. Walishanizoea. Jirani mmoja akacheka, "Huyo karudi, anataka tulie tena."

Shangazi akanijia anatabasamu. "Amekula? Lete hotipoti nioshe."

Akaipokea. Mikono ikashuka kwa uzito.

Akanitazama usoni, akaitazama hotipoti, akaketi chini nayo mapajani. Hakulia. Kilio chake alikuwa amekitoa mchana, mimi nikakifuta, na sasa ni mimi tena nimesimama mbele yake. Vilio nimevisikia vingi maishani. Kile kimya sikiwezi mpaka leo.

Jioni Calist akapiga. "Vipi, kinafaa?"

"Kinafaa," nikamjibu. "Kinafika."

Ninachowaachia, hasa madereva wenzangu: nyumba yenye mgonjwa, usiitokee ghafla kwa ajili ya kuringa. Na chombo kizuri hakichagui mzigo. Utakachopewa ndicho utakachobeba, na kitakufikisha tu.