Ukurasa wa Nyuma

Marlys Vondracek alikuwa na sifa moja mjini, nayo aliivaa kama wengine wavaavyo mkufu wa dhahabu: hakuwa na mdomo. Talaka za wakubwa zilipita mezani pake, wosia uliogombanisha watoto wa tajiri wa mahindi ukapita, na hata mchungaji wake mwenyewe alipofilisika, Marlys alikutana naye kanisani akamuuliza habari za mbwa wake. Ukimchimba, alikukaribisha kahawa. Kule kazini, kwenye kampuni ya mawakili ya Haverkamp na Stroud, walisema ukitaka neno lizikwe, mpe Marlys.

Kazi yake ilikuwa jarida. Kila msimu kampuni ilituma jarida kwa wateja na kwa yeyote aliyeliomba. Ukurasa wa mbele ulieleza sheria zinazopikwa kwenye bunge la jimbo, ndani ya lile jengo lenye kuba aliloliona dirishani kwake. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa mambo ya heri: kampuni imegawa makoti, imepaka rangi shule, imelisha wazee. Mawakili waliandika ya mbele kwa lugha yao ya kutafuna kokoto, naye Marlys akailainisha mpaka muuza matairi aelewe. Ya nyuma aliandika mwenyewe na kupiga picha.

Pesa za heri zilitoka kwenye chupa ya Ijumaa. Siku hiyo, anayetaka kuvaa jinzi badala ya suti hutumbukiza dola tano kwenye chupa kubwa ya matango ya siki pale mapokezi, kisha anabandikwa kibandiko kifuani. Mawakili wenye maboti mawili ziwani waliwahi kubishana asubuhi nzima kama suruali ya khaki nayo ihesabiwe. Marlys hakuvaa jinzi maisha yake yote, lakini alitumbukiza tano zake kila Ijumaa kwa sababu aliamini. Aliamini ukurasa wa nyuma kama alivyoamini sala, na hilo ndilo linaloniuma mimi katika habari yake.

Sasa alikuwa na kaka yake mkubwa, Rollie, aliyekatakata nyama kiwandani mpaka mabega yakagoma. Rollie na mkewe Connie walikaa Willow Bend, mtaa wa nyumba za trela, zile zinazoundwa kiwandani na kuvutwa kwa gari, kando ya mto. Wasiojua hudhani mwenye trela akifukuzwa analifunga nyuma ya gari na kuondoka zake. Thubutu. Trela la umri wa lile la Rollie ukilivuta, linaacha kuta njiani. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu, na kila mwezi unalipa kwa kuikanyaga.

Majira ya baridi hayo Connie alipooza upande mmoja. Jumapili moja ya Februari Marlys alikwenda kula kwao, nyama ya nguruwe ya kuoka na kabichi chachu kama mama yao alivyowapikia. Rollie alifungua mchoro juu ya meza. Alitaka kutoa akiba yake yote ajenge bafu jipya, apanue milango, na aweke baraza lenye mteremko ili Connie atoke na kiti chake cha magurudumu aone mto.

"Sasa dada, nikuulize," Rollie alisema. "Kuna maneno hapa mtaani kwamba mwenye kiwanja anataka kututoa. Wewe kutwa uko na wanasheria. Nijenge, nisijenge?"

Marlys alijiongezea kabichi. Wiki hiyohiyo alikuwa akilainisha habari ya muswada uliomruhusu mwenye kiwanja cha matrela kukifunga kwa notisi ya miezi miwili badala ya mwaka. Mtu wa kampuni yenyewe ndiye aliyekuwa akiusukuma bungeni, kwa niaba ya mteja mwenye viwanja. Kichwa cha habari, "Nafuu kwa Wamiliki wa Viwanja", alikitunga Marlys.

"Mambo ya ofisini yanabaki ofisini, Rollie."

"Sijakuuliza ya ofisini. Nimekuuliza ya bafuni kwangu."

"Ukitaka ushauri tafuta wakili."

"Wakili wangu si ndiye huyu anamaliza kabichi yangu?" Rollie akamkonyeza mkewe, na Connie akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Fanya unavyoona," Marlys alisema, akainuka kuosha vyombo.

Rollie alilichukua jibu hilo kama baraka. Na wewe ungelichukuaje? Dada yako wa tumbo moja, amekaa ndani ya chungu cha sheria, anakwambia fanya unavyoona. Utadhani kuna shimo mbele? Barafu ilipoyeyuka muswada ulipita, gavana akatia sahihi, na Rollie akaleta mafundi. Marlys aliwapelekea pai ya tufaha. Aliona mlango ukipanuliwa, aliona mbao mpya za baraza, na moyoni akajiambia sasa hata akisema haitasaidia kitu, pesa zimekwisha toka. Alijiona mwaminifu. Kuna uaminifu mwingine, jamani, ni uoga uliovaa suti.

Notisi zilibandikwa kwenye milango mwanzo wa vuli. Trela la Rollie lilivunjwavunjwa na tingatinga, baraza likiwa bado linanuka rangi. Connie alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa ya kaunti jirani. Marlys alimwambia kaka yake aje alale kwake, lakini Rollie alikataa kuwa mbali na mkewe, akawa analala ndani ya pikapu lake kwenye maegesho ya nyumba hiyo. Hakumlaumu dada yake hata kidogo. Alimfariji, tena kwa simu, huku meno yakigongana kwa baridi.

"Usijitese, dada. Ungejua ungeniambia."

Marlys aliitikia "ndiyo".

Ikakaribia Sikukuu ya Shukrani, na kamati ya heri ya kampuni ikakaa kuamua mwaka huu chupa ya jinzi imsaidie nani. Wakachagua familia zilizopatwa na masaibu ya Willow Bend. Waliandika hivyo, masaibu, utadhani mto ulifurika. Panya huuma huku akipuliza, lakini hata panya hakuombi upige naye picha.

Basi wakakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wafanyakazi wote wamevaa jinzi na fulana za buluu za kampuni, wamejipanga nyuma ya meza zilizojaa bata mzinga waliogandishwa na makopo ya mchuzi. Marlys alishika kamera. Todd Haverkamp, mjukuu wa mwanzilishi, alikuwa akigawa maboksi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalo linaudhi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Aliangalia foleni, akamwona mzee mmoja wa mabega mapana na ndevu nyeupe.

"Marlys, huyu ana sura nzuri. Tupige mimi na yeye."

"Huyo ni kaka yangu," Marlys alisema.

Todd alimpa Rollie boksi lililokuwa mkononi. "Kaka yako? Alikuwa Willow Bend? Pole sana, mzee wangu. Pole kweli." Akamgeukia Marlys. "Lakini hili si tulilitoa kwenye jarida tangu Februari? Mbona hukumpelekea?"

"Lilikuwa jambo la mteja," Marlys alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"La mteja vipi, Marlys? Muswada ulikuwa wazi kwa kila mtu. Bunge liliita hata wapangaji wakautolee maoni, hakwenda mtu. Na jarida tunaligawa bure, liko mpaka kwa kinyozi wangu." Todd alisema kwa upole, kama anayemtoa mtu wasiwasi. "Haikuwa siri hata siku moja."

Rollie alikuwa amekwisha pokea boksi. Alisimama nalo kifuani akimtazama dada yake.

"Februari," alisema. "Siku ya nguruwe."

"Rollie, njoo ukae kwangu. Tutamleta na Connie. Nakuomba."

"Kwako? Kwako nyumba itawaka moto na utanikaribisha kahawa." Hakupandisha sauti. Alimsogelea Todd, akakaa sawa. "Piga, Marlys. Watu wa nyuma wana njaa."

Alipiga. Todd alitabasamu, Rollie hakutabasamu. Kisha Rollie aliweka lile boksi chini palepale miguuni pa dada yake na kutoka nje.

Jumatatu Marlys alikaa kuandika ukurasa wa nyuma. Kulikuwa na kanuni, aliyoiweka yeye mwenyewe zamani, kwamba wanaosaidiwa wasitajwe majina, wahifadhiwe heshima yao. Akaandika chini ya picha: "Mkazi wa zamani wa Willow Bend akipokea zawadi ya sikukuu." Alilia, kwa mara ya kwanza mezani pale, na mapokezi walidhani ni mafua.

Halafu akafungua orodha ya wanaotumiwa jarida. Akaingiza jina jipya, Roland Vondracek, herufi kwa herufi. Kompyuta ikamtaka anwani, naye akakaa na vidole juu ya vitufe, maana pikapu halina namba ya nyumba.