Mnara wa Panya

Kila nikifungua mfuko wa unga wa mahindi hapa Beechmont, ughaibuni, harufu yake inanirudisha kwa tate, mama wa mama yangu. Kwenye mlango wa ghala lake alibandika picha ya kalenda ya misheni: mnara wa mawe katikati ya mto fulani wa Ulaya.

"Mukubwa mumoja wa zamani alifungia watu chakula, bakakufa na njala," alinisimulia akipeta mahindi. "Panya zikamufukuza, akakimbilia mu ule munara. Zikaogelea, zikamukula mule mule."

Donc, ndiyo maana kila mavuno aliwamwagia panya konzi moja ya mahindi nyuma ya mlango.

Asubuhi tulipokimbia vita, mama alichukua kufuli alifunge ghala. Tate akamshika mkono.

"Acha wazi. Benye banakuja, nabo beko na njala."

Miguu yake ilikuwa imekataa safari. Akabaki ameketi pale mlangoni. Niligeuka nikageuka, naye akazidi kuwa mdogo, mpaka kilima kikamficha.

Juzi mwanangu aliona panya jikoni, akaniambia kwa Kiingereza nifunge kabati la unga. Nikalifunga mbele yake. Alipopanda basi la shule, nikalifungua tena.