Ganda la Kahawa Kifuani Mwangu

Bado nausoma ujumbe wa Tabitha. Nimeusoma mara nne, na mara zote nne unasema jambo lilelile: baba yake, Lameki, amefariki jana asubuhi, nyumbani Vwawa.

Wengi wenu mnaonifuata hapa hamkumjua. Alikuwa mpiga picha za X-ray. Alipiga vifua na mifupa ya watu wa Mbozi kwa zaidi ya miaka thelathini, akastaafu mashine za dijitali zilipoingia. "Hizi hazina harufu," alilalamika. "Nitajuaje kama nipo kazini?"

Enzi zake picha ilisafishwa kwa dawa, ndani ya chumba cha giza. Juu ya mlango palikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, hafungui mtu, hata mganga mfawidhi.

Siku moja muuguzi aligonga. "Lameki, chai inapoa!" Akajibiwa kutoka ndani: "Chai itapashwa, dada! Filamu ikiungua haipashwi!"

Tulikuwa kwaya moja, sauti ya nne. Mimi nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu, na chuo kilitaka picha ya kifua. Lameki ndiye aliyenipiga.

"Vuta pumzi, mwalimu. Shika hapohapo. Na usitabasamu, meno hayatoki."

Picha ikatoka na doa jeupe, juu, upande wa kushoto, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Daktari akaandika kifua kikuu. Chuo kikanikataa.

Nyumbani mama alinitengea kikombe. Alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe hicho ili kisichanganyike na vingine. Wiki ya tatu nikapanda basi kwenda Morogoro kwa mjomba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sijarudi kuishi Mbozi tangu hapo.

Huko nilichomwa sindano na kumeza vidonge kwa miezi mingi, kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Kilichotokea nyuma yangu nilikuja kusimuliwa na Lameki mwenyewe. Daktari yuleyule alishikwa na kikohozi, naye akapigwa picha. Doa. Juu, kushoto. Lameki akatoa rula, akapima, akatafuta picha za nyuma, akapima tena.

"Nikamwambia, Daktari, ama sote tumegawiwa doa moja kwa rula, ama kaseti ndiyo inaumwa."

Kaseti ni kasha bapa lililoshika filamu. Ndani yake mna bamba linalowaka mionzi ikiligusa, na mwanga huo ndio unaochora picha. Kitu kikikaa kati ya bamba na filamu, hapo panabaki peupe. Akaifungua. Ndani mlikuwa na ganda la kahawa.

Lilikuwa lake. Msimu ule alikuwa akitwanga kahawa kwao kabla ya kwenda kazini, na sweta lake lilijaa maganda. Wakati wa kupakia filamu, gizani, moja lilidondoka.

Angeweza kulipuliza, likapotea, kazi ikaendelea. Hakuna ambaye angejua.

Badala yake alichambua filamu moja moja. Doa lilikuwa kwa watu kumi na mmoja, ukimwondoa daktari. Aliwafuata kwa baiskeli: Mlowo, Mpemba, mpaka milima ya Ileje. Mama mmoja wa Mlowo alimmwagia maji ya vyombo. Kesho yake alirudi kwa mama huyo, akiwa amevaa sweta lilelile likiwa bichi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Alingoja likizo yake, akaja Morogoro. Nilikuwa nimeshapata kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji, na nafasi yangu chuoni ilikuwa na mtu mwingine.

Tulikaa kwenye mkahawa karibu na stendi. Alilaza filamu yangu mezani, akatoa bahasha, akaweka ganda juu ya doa. Lilikaa sawasawa, mpaka ncha yake iliyopinda.

"Umesafiri siku mbili kuniletea ganda?"

"Nimekuletea kifua chako, Asa. Ganda ni risiti yake."

Sikucheka. Nilimlipia chai, nikamsindikiza kwenye basi.

Tangu hapo, kila baada ya msimu, alikuja na mfuko wa kahawa na kikaratasi: "Imekobolewa vizuri. Kagua." Na kila mara, kabla hajavua koti, aliuliza, "Haya, umenisamehe?" Nami nilijibu, "Ngoja nionje kwanza." Tulizeeka na maneno hayo. Wanangu waliyajua kwa moyo.

Mwaka huu kahawa ilikuja peke yake, kwa basi. Sauti yake ikafuata kwenye simu: "Mzee mwenzangu, mguu haunibebi tena. Sasa acha utani. Ulinisamehe lini? Nitajie mwaka tu."

Nikamjibu, "Ngoja nionje kwanza."

Mfuko uko hapa mezani. Sijaufungua.

Lameki, jibu lako ni hili. Ni siku ileile, pale mkahawani, ganda lilipokaa juu ya doa. Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee wa nyumbani aliyekuja kunitazama, na niliogopa kwamba ukishajibiwa hutakuwa na sababu ya kuja tena.

Wewe kosa lako ulilifuata kwa baiskeli mpaka mlango wa mwisho. Langu nimelijua leo, na sina pa kukufuata.

Taa nyekundu imewaka, ndugu yangu. Hakuna atakayegonga. Lala.