Nyumba Aliyoitia Taa Kaka Yangu

Mimi sina ulimi wa asali, wanaonijua wanajua. Napika katika shule ya bweni, na kwa kuzoea kupiga kelele kwenye ukumbi wa chakula, naongea na kila mtu kana kwamba yuko upande wa pili wa jiko. Lakini nikimzungumzia kaka yangu wa zamani, yule wa kabla ya unga, sauti hushuka yenyewe.

Mtaa mzima ulimwita Fyuzi. Alikuwa fundi umeme, na nyumba ya kwanza kuitandazia nyaya peke yake ilikuwa yetu. Namwona hadi leo anavyotambaa darini kwa magoti, anapiga mluzi, vumbi linatumwagikia sisi wa chini, mama anafunika sufuria huku anagomba. Jioni alipowasha, majirani walijaa uani kutazama balbu, watu wazima wenye balbu kwao. Mama alikaa chini yake akachambua mchele aliokwisha kuuchambua asubuhi. Tuliringa, jamani, msione hivi.

Na kazi yake alikuwa na maringo nayo. Hakuacha ncha ya waya wazi, hata akienda kunywa maji tu. Angeifunga kwanza kwa tepu nyeusi, aibane kwa kidole gumba mpaka ilale. "Mtoto hajui kusoma neno hatari," alikuwa akisema. Mteja akimharakisha, alimjibu kwamba maiti hailipi fundi. Mimi aliniita Inspekta, kwa sababu funguo za nyumba zilikaa kwangu tangu nikiwa binti. Akirudi jioni alipiga saluti mlangoni, na mimi namnunia huku nacheka moyoni. Siku zile nilidhani kila mtu ana kaka kama huyo.

Huo unga wa kulevya aliupatia kazini. Alianguka kutoka kwenye ngazi, mgongo ukawa haumpi raha, wenzake kwenye jengo wakamwonjesha. Ni wa kutuliza maumivu tu, alituambia. Mara akawa anasinzia amesimama, bisibisi mkononi. Wateja wakapungua, mkewe akafungasha akarudi kwao. Koleo zikauzwa, simu ya mama ikauzwa, pasi ikauzwa ingali ya moto.

Halafu nyaya zikaanza kuibwa mtaani, maana shaba ina wanunuzi. Mwenye duka la kona aliamka akakuta giza, akapanda darini na tochi. Aliposhuka hakupiga kelele. Alikuja kwetu akamwambia mama taratibu, "Mama Fyuzi, njoo uone mwenyewe." Tulikwenda. Nyaya zilikuwa zimekatwa, na kila ncha iliyobaki imefungwa tepu nyeusi, imebanwa ikalala vizuri. Mwizi gani mwingine anawahurumia watoto wa mtu anayemwibia? Mwenye duka alitaka kucheka akashindwa, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Zamu yetu ilifika siku tuliyokwenda kumjulia hali shangazi. Tulirudi tukakuta ameibomoa kazi yake mwenyewe, chumba kwa chumba, ncha zote zimefungwa. Nilimfukuza mimi. Nilibadilisha kufuli, nikamwambia mama kwamba siku huyu akiingia, mimi natoka. Mama anakula kwa mshahara wangu, kwa hiyo alinyamaza.

Alinyamaza, lakini alinikomoa kwa namna yake. Nilipoleta fundi mwingine, alimpa chai, akamsindikiza hadi nje na ngazi yake.

"Nyumba hii ina fundi wake," akasema.

"Yuko wapi huyo fundi, mama?"

"Yuko njiani."

Tukabaki na kibatari, mtaa mzima unawaka. Nikimwambia moshi utamharibia macho, ananijibu kwamba macho ni yake. Nilimwelewa vizuri, ndiyo maana nilikuwa nakasirika. Alitaka jambo moja tu duniani, siku yake ya kufa imkute mwanawe amerudi ndani ya nyumba ile, na mwenye ufunguo nilikuwa mimi.

Baadaye nikasikia Fyuzi anakwenda kliniki kunywa dawa ya kumtoa kwenye unga, kila asubuhi, mvua au jua. Sikuamini. Ahadi zake nilishazisikia nyingi, nyingine alizitoa akiwa amevaa kofia ya marehemu baba aliyokuwa anakwenda kuiuza. Lakini miezi ikapita, na watu wakawa wananiambia bado anakwenda.

Jumamosi moja mama alitoka bila kuaga, akarudi amemshika mkono. Kaka alikuwa amekonda, meno ya mbele hana, shati limepigwa pasi sijui na nani. Mama akapita ndani. Yeye akasimama nje ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, akapiga hodi, akangoja.

Mama akanitazama. "Karibu," nikasema shingo upande, nikautia mkoba wangu kwapani. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara wote umo humo.

Kumbe mama alishanunua waya, kauficha uvunguni. Akautoa, akampa mwanawe pamoja na bisibisi mpya. Kaka akaipokea, ikacheza mkononi mwake hadi ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. "Mikono haishiki, Inspekta," akasema. "Panda wewe, mimi nitakuelekeza."

Nilipanda kwenye stuli, mkoba kwapani. Yeye alikaa kitandani kwa mama, akaniuliza kama swichi kubwa nimeizima, akanionyesha pa kuanzia. Nikauvuta waya kwa mkono mmoja, ukanichomoka. Nikauvuta tena, ukanichomoka tena.

"Hiyo ni kazi ya mikono miwili, dada," akasema. Hakuwa na hasira. "Najua kwa nini umeubana mkoba. Hata mimi ningeubana."

Mama alisimama mlangoni. Nami nilibaki juu ya ile stuli, namwogopa kaka yangu wa kuzaliwa naye. Nilikuwa nampenda pia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningeweza kumpa mama mkoba aushike. Hilo nililiwaza, na nikajua kwamba nikifanya hivyo, kaka atamaliza kuelekeza, ataaga kwa adabu, na hatarudi tena.

Nikainama, nikauweka mkoba kitandani, ubavuni pake.

Aliutazama. Kisha akainuka, akaenda kukaa sakafuni kwenye kona ya mbali, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, mahali ambapo ningeweza kuiona.

"Haya," akasema. "Anza na mwekundu."