Saksafoni ya Wambua

Maluki wa Makongeni alijua kupiga saksafoni, na anayesema alikuwa wa kubahatisha hakumsikia. Yeye na rafiki yake Wambua walipiga jazz kwenye hoteli moja ya Thika kila Jumapili mchana, wakiiga kaseti za New Orleans mpaka wahudumu wakasahau oda za watu. Kisha Wambua akapata njia, akaenda huko huko New Orleans kupiga na wenyewe. Maluki naye akaokoka.

Na kuokoka siku zile hakukuwa mchezo. Mchungaji wa wakati huo alisema vyombo vya baa ni vya shetani. Basi Maluki, mtu mzima na akili zake, akaipeleka saksafoni kwa mtu wa vyuma chakavu, akasimama pale ikipondwa kwa nyundo, halafu akaenda kutoa ushuhuda. Kanisa zima likapiga makofi. Mkewe Mutheu alikuwa amemsihi aifiche tu chini ya kitanda, lakini wapi.

Mwaka jana Wambua alirudi akiwa ndani ya jeneza. Mazishi yakawa kwao Gatuanyaga, na binti yake Selpha akamfuata Maluki akiwa amebeba saksafoni ya marehemu.

"Anko, kule mtu wa jazz akifa, wenzake humsindikiza kaburini kwa muziki. Dadi alisema akizikwa huku, umpigie wewe."

Jamani, mikono ilimwasha. Aliishika, na vidole vikaenda vyenyewe mahali pake. Lakini sasa yeye ni mzee wa kanisa, na mchungaji mpya alikuwa amesimama hapo hapo, na akina mama wa ushirika wamemkodolea macho. Akairudisha.

"Mimi niliokoka, mama."

Wambua akashushwa kwa wimbo ulioanzishwa juu mno, watu wakaufuata kwa shida, kisha vijana wakashika makoleo.

Walipokuwa wakinawa mikono wapate kula, mchungaji akamsogelea.

"Mzee Maluki, mbona hukumpigia rafiki yako? Nilikuwa nangoja. Mimi saksafoni naipenda sana."

Maluki akajibu kwamba kifua kilikuwa kinamsumbua. Uongo mtupu. Sahani ya wali ikamshinda, akaketi akiutazama ule udongo mbichi. Wambua alikuwa amemwomba kitu kimoja tu maishani, naye amemnyima, na kumbe hakuna aliyemkataza.